Kioo Kilichooshwa Ijumaa

Kama ulikuwa ndani ya ule ukumbi wa Homa Bay siku ile ya Jumatatu, nakuomba jambo moja tu: tukikutana sokoni usinikonyeze. Ndiyo, ni mimi. Mimi ndiye yule msichana aliyeinua kipande cha kioo kitupu mbele ya ukumbi uliojaa watu, akasema kwa sauti ya kujiamini, "Kama mnavyoona." Hawakuona kitu. Wa mwisho kulijua hilo nilikuwa mimi. Na kama mambo yangeishia hapo ningekuwa nimeshasahau, lakini yalipanda na kupanda kama uji ulioachwa motoni, na kwa kuwa sasa yanasimuliwa kuanzia Karungu mpaka Kisegi na kila msimulizi anaongeza chumvi yake (kuna wanaosema nililia, sikulia, kuna wanaosema nilizirai, nani alizirai?), nimeonelea nisimulie mwenyewe, na mwenye kucheka acheke huku namtazama machoni.

Jina langu Achieng'. Tuko katikati ya miaka ya tisini, na wakati wa mkasa huu nilikuwa nimetoka chuo kikuu Nairobi na shahada ya fizikia, sina kazi, na ninafikiri sana. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Mimi nikitumwa chumvi dukani nafikiria kwanza kama duka litakuwa wazi, kama mwenye duka atanikumbuka, na kama akinikumbuka atanikumbuka kwa lipi.

Mradi wangu wa mwaka wa mwisho ulikuwa juu ya leza, tena si leza ya kuwaka mfululizo, ile inayopiga kwa mapigo ya pikosekunde. Chukua sekunde moja uigawe mara milioni, halafu kipande kimoja kati ya hivyo ukigawe tena mara milioni. Hicho unachobaki nacho ndicho pikosekunde. Mwanga ukiuachilia Karungu unafika Homa Bay kabla hujapepesa jicho, lakini ndani ya pikosekunde moja hauvuki hata unene wa kucha yako. Mama aliponiuliza kitu kifupi hivyo kinamsaidia nani, nilimwambia, "Mama, wewe si huokota kaa la moto kwa vidole ukalirusha jiko la pili na huungui?" Akasema haungui kwa sababu hakai nalo. Basi ndivyo hivyo. Ukiipasha metali joto polepole, joto linatambaa na kuyeyusha jirani asiye na kosa. Ukiipiga kwa pikosekunde, pale palipopigwa pameshaondoka kabla jirani hajapata habari. Sasa ukiuchunguza ukingo wa lile doa kwa hadubini, unasoma jinsi joto linavyotembea ndani ya metali, na anayejua hilo anaweza kukata na kutoboa vitu ambavyo msumeno hauwezi hata kuvigusa.

Mimi nilitengeneza utando wa alumini juu ya kipande cha kioo, kirefu kama kidole, utando mwembamba kiasi kwamba ukikishikilia kwenye jua unaliona duara la jua upande wa pili. Profesa mgeni akakibeba kwenda kwao ng'ambo, akakipiga kwa leza madoa arobaini na tisa, safu saba, kila safu ikipigwa kwa nguvu zaidi ya iliyo chini yake, kisha akanirudishia kwa posta. Miezi minne niliyapima yale madoa moja moja. Leza yenyewe sikuwahi kuiona hata kwa mbali. (Hilo liweke akilini. Kwenye barua yangu ya maombi niliandika kwamba tulipiga madoa, na lile "tulipiga" lilinikosesha raha wiki nzima.)

Maombi yalikuwa ya nafasi ya kwenda kusoma ng'ambo, kwenye maabara yenye leza kama hiyo. Kulikuwa na kamati ya watu wema iliyokuwa ikimpeleka kijana mmoja wa pande zetu za ziwa kila mwaka. Mmoja tu. Tulioitwa Homa Bay tulikuwa sita, na kila mmoja aliambiwa aje na ushahidi wa kazi yake, wazazi wakaribishwe, watu wasikilize. Nilikuwa na picha mbili nzuri za madoa yale nikaziacha bwenini, kwa sababu nilifikiri nikibeba picha wataniambia nimezikata kwenye gazeti. Nikabeba kioo chenyewe.

Nilifika nyumbani Karungu Alhamisi, na hapo ndipo nilipofanya uamuzi mdogo ulioniangamiza. Nikikiacha kioo ndani ya begi kitavunjika. Nikikiweka chini ya mto nitakilalia. Nikikiweka juu ya meza kuku atapanda (wetu hupanda). Nikafikiri, nikafikiri, nikakumbuka mahali pamoja ambapo mkono wa mtu haugusi: kabati ya Mama ya vyombo vya wageni. Nikakifunga kwa leso nyeupe, nikakisimamisha katikati ya visahani, nikalala usingizi wa mtoto.

Sisi ni Wasabato. Nimezaliwa Msabato, nimekulia hapo, najua kabisa kwamba Ijumaa ni siku ya maandalio, kwamba kabla jua halijatua chakula kiwe kimepikwa, nguo zimepigwa pasi, na kila chombo ndani ya nyumba kimeoshwa. Najua pia kwamba Sabato ile waumini walikuwa wanakuja kwetu kuniombea, na wageni wakija kabati inafunguliwa. Yote hayo nilikuwa nayajua. Lakini Ijumaa ile mimi nilikuwa ufuoni, nikitembea katikati ya nyavu zilizoanikwa omena, dagaa wetu wa ziwani, nikiwakariria omena majibu yangu ya usaili, kwa kuwa omena hawaulizi swali la nyongeza.

Niliporudi, vyombo vilikuwa vimeanikwa vinang'aa mpaka macho yanauma, Mama na dada yake Baba, Waya Peres, wamekaa wanapumzika. Kioo kilikuwa kabatini, ndani ya leso yake, leso imefuliwa na kupigwa pasi. Hata hilo halikunishtua! Nilifikiri, Mama ananipenda.

Siku ya Sabato nilitaka kukifungua nikitazame, Mama akasema, "Hiyo ni kazi. Kazi ingoje jua litue." Mzee wa kanisa akaweka mkono juu ya leso, akaomba kwa sauti kubwa, "Bwana, kilinde kioo cha binti huyu, kisipatikane na doa lolote." Watu wakaitikia amina. Sikujua kwamba Bwana alikuwa ameshajibu tangu Ijumaa. Jumapili nayo sikukifungua, kwa sababu nilifikiri kila nikikifungua naongeza alama ya kidole.

Basi Jumatatu. Ukumbi umejaa, wazazi nyuma, wasikilizaji mpaka madirishani. Mwenyekiti alikuwa Mwalimu Zedekia, mwalimu mkuu mstaafu ambaye bado aliwatazama watu wazima kama wamechelewa paredi. Pembeni yake mama mmoja wa miwani, mwanasayansi kutoka Nairobi, ambaye tangu asubuhi hakuwa amesema neno. Kwenye benchi yetu nilikaa na Ouma, kijana wa kisiwa cha Remba aliyebuni kichanja cha kukausha omena wakati wa mvua, mtu mpole, alinishikia begi mara tatu nilipokwenda msalani. (Mara tatu, ndiyo. Wewe hujawahi kuogopa?)

Nikaitwa. Nikafungua leso, nikainua kioo, macho yangu kwa watu, maana nilikuwa nimesoma mahali kwamba msemaji mzuri hutazama watu.

"Kama mnavyoona," nikasema, nikaonyesha kwa penseli, "safu hii ya chini madoa ni hafifu, na kadiri tunavyopanda juu yanakolea."

Mzee mmoja wa mbele akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. "Nayaona, nyathina. Mtoto wangu, endelea."

"Hata mimi nayaona," akasema mwenzake.

Nikaendelea, Mungu wangu, nikaendelea. Nikaeleza ukingo wa doa, nikaeleza joto, nikawaambia watazame hasa doa la kona ya kulia ambalo ni zuri kuliko yote, mpaka bibi mmoja wa dirishani akachoka na adabu akasema, "Yawa, mimi naona kidole chake tu!"

Kicheko cha kwanza. Nikatazama kioo. Kupitia kioo nikamwona Mwalimu Zedekia mzima mzima, mpaka kifungo cha koti lake kilichokuwa kinataka kukatika. Utando haupo. Madoa hayapo.

Mtu mwenye akili timamu angesema, "Samahani, kuna tatizo." Mimi, ambaye hufikiria chumvi kwa nusu saa, siku hiyo sikufikiri hata pikosekunde.

"Nimebadilishiwa kioo!" nikapiga kelele.

"Nani amekubadilishia?" Mwalimu Zedekia akasimama.

Na mkono wangu huu, ninauchukia mpaka leo, ukamnyooshea Ouma. "Huyu ndiye aliyeshika begi langu."

"Mimi?" Ouma akashika kifua. "Maze Achieng', kioo ya nini na mimi niko na samaki?"

"Lete begi," akasema Mwalimu Zedekia, na kabla mtu hajatulia begi la Ouma likamwagwa mezani. Omena. Omena wengine. Biblia ndogo. Nusu chapati ndani ya gazeti. Omena wakateleza wakaanguka sakafuni mpaka miguuni mwa yule mama wa miwani, na harufu ikasimama katikati yetu kama shahidi wa upande wa Ouma.

Hapo nyuma nikasikia sauti ninayoijua.

"Mwalimu, wacha kupekua mtoto wa watu. Hiyo kioo ni mimi niliosha."

Vichwa vyote vikageuka nyuma. Mama alikuwa amesimama.

"Uliosha?"

"Ijumaa. Ilikuwa kwa kabati na vyombo. Ilikuwa chafu."

"Chafu ni neno ndogo, Min Achieng'!" Waya Peres, ambaye humwita Mama kwa jina langu, mama wa Achieng', naye akasimama bila kuitwa, maana hajawahi kuitwa maishani mwake. "Ilikuwa na madoa mingi kama mtu wa tetekuwanga! Msichana wa kuposwa anatembea na kioo kama hiyo, watu watasema hatukumfundisha kuosha. Tukachukua majivu. Kusugua kidogo tu, yote ikatoka, mpaka ile rangi ya fedha. Nikaambia Min Achieng', hii kioo walimuuzia mbaya, rangi yake inatoka."

Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Watu walishikana mabega. Wa dirishani waliwasimulia wa nje, na kicheko cha pili kikaanza nje kikaja ndani. Mwalimu Zedekia alipangusa macho kwa mkono wa koti.

"Basi, binti, pole. Ushahidi umeoshwa. Keti. Hii fizikia ya leza haijafika kwenu, kwenu bado ni ya majivu."

Nilikuwa nimeshaanza kukaa, nasema ukweli. Magoti yalikuwa yamekunjika. Lakini nikatazama nyuma nikamwona Mama. Hakuwa anacheka. Alikuwa amevuta leso ya kichwani mpaka usoni, yule mwanamke aliyekuwa amesimama peke yake kumwokoa mtoto wa mwenzake, na watu wanamcheka kwa kosa la kuosha vyombo vizuri.

"Siketi," nikasema.

"Binti, nimesema..."

"Siketi, Mwalimu. Dakika zangu hazijaisha."

Kwanza nikamgeukia Ouma. "Nimekukosea mbele ya watu, na mbele ya watu nakuomba radhi."

"Ni sawa," akasema, yuko sakafuni kwa magoti. "Lakini saidia kuokota."

Nikapiga magoti na sketi yangu ya usaili nikaokota omena. Niliposimama, mikono inanuka, sikuwa na cha kupoteza tena, na nawaambia, mtu asiye na cha kupoteza anaongea vizuri sana.

"Mnacheka majivu," nikasema. "Nani hapa nyumbani kwake sufuria haisuguliwi na majivu? Inang'aa kwa nini? Kwa sababu majivu ya kuni yakikutana na maji yanatoa magadi, na magadi hula alumini. Sufuria ni nene, inaliwa kidogo tu juu na masizi yanaondoka nayo. Utando wangu ulikuwa mwembamba, ukaliwa wote. Mama yangu ameondoa alumini juu ya kioo kwa dakika moja, kote kote. Leza inaondoa alumini ileile kwa pikosekunde chache, doa dogo kuliko mbegu ya sukuma wiki, na jirani yake haguswi. Kazi ni moja. Tofauti ni muda, na muda ndio somo langu lote. Anayemcheka Mama amenicheka mimi, na hajaelewa lolote."

Halafu, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, mama wa miwani akafungua mdomo.

"Leza yenyewe umewahi kuiona?"

"Hapana," nikasema.

"Barua yako inasema mlipiga."

"Utando niliutengeneza mimi kwa mikono hii. Madoa niliyapima mimi, yote arobaini na tisa. Kupiga alipiga mwingine, ng'ambo, na sikustahili kuandika vile." Nikavuta pumzi. "Lakini Madam, kama ningekuwa nimeiona, ningekuja hapa kuomba nini?"

Mtu mmoja nyuma akapiga kofi moja, akaona yuko peke yake, akaacha.

"Nipe hicho kioo," akasema yule mama.

Nikaona kimejaa vidole vyangu vya omena. Siwezi kumpa mgeni kioo kichafu, nimelelewa na nani? Nikafanya kile ambacho mikono yangu imekifanya kwa kioo cha taa ya chemni tangu nikiwa mdogo: nikakisogeza mdomoni, nikapumua, haaa, nikashika pindo la sketi nifute. Sikufuta. Juu ya ule ukungu wa pumzi yangu, kwenye ukingo wa juu, palikuwa na nukta saba, zimepangwa mstari mmoja kama watoto wa chekechea. Chini yake nyingine nne, hafifu. Halafu ukungu ukakauka zikapotea.

Nikapumua tena. Zikarudi.

Ile safu ya juu, iliyopigwa kwa nguvu kuliko zote, ilikuwa imepita utando ikauma kioo chenyewe, na iliyofuata iliuma hapa na pale. Majivu hula alumini. Kioo kwa kusuguliwa dakika moja hakiliwi.

Yule mama akakichukua, akapumua mwenyewe, akatazama muda mrefu. Akampa Mwalimu Zedekia, naye akapumua, akaguna. Baada ya hapo nani angewazuia watu? Kioo kikatoka mkono hadi mkono, ukumbi mzima unapumua haa, haa, bibi wa dirishani akipumua mara mbili na kutangaza kwamba sasa ndiyo anaona, mpaka kikafika kwa Mama. Mama akashusha leso yake. Akapumua taratibu, akahesabu kwa kidole bila kugusa.

Sasa ngoja nikukatizie furaha: nafasi sikupata. Alipata Ouma, na alistahili, kichanja chake kinakausha omena mvua ikinyesha. Mimi niliandikiwa kwamba nimemsingizia mwenzangu hadharani na nimepamba barua yangu, na yote mawili ni kweli, sibishi. Chini ya barua ile mama wa miwani alikuwa ameongeza kwa kalamu yake: mwaka ujao uje na vioo viwili, kimoja kimeoshwa kwa majivu na kimoja hakijaoshwa, na ueleze tofauti.

Nitakwenda. Kwa sasa nafundisha fizikia katika shule moja Migori isiyo na maabara, na wanafunzi wameshausikia mkasa wote, kuna mmoja hupumua haa nikigeukia ubao. Apumue. Nimeapa kwamba sitamnyooshea mtu kidole kabla ya kutazama kilicho mkononi mwangu, na sitaandika "tulipiga" mahali ambapo sikupiga. Kuhusu kabati ya wageni sikuapa lolote. Kioo bado kiko palepale katikati ya visahani, ila sasa hakifungwi kwa leso. Wageni wakija Sabato, wakishakula, Mama anakitoa mwenyewe, anakipumulia mbele yao, na kabla ukungu haujakauka anawaambia, "Hesabuni. Hizi ndizo zilishinda majivu yangu."